Uzi: Chandarua cha bei ya chini kinaweza kutugharimu zaidi. Hesabu za Misungwi na namna nchi inavyoamua mambo ya afya

#1 Karani wa Vyandarua (mwanzilishi wa uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote. Naanzisha uzi huu ili nieleze, kwa lugha ambayo kila aliyewahi kulala ndani ya chandarua ataielewa, jinsi nchi inavyoweza kutumia hesabu na ushahidi kuchagua dawa ya kununua, chanjo ya kuingiza kwenye ratiba na kifaa cha kuachana nacho. Wataalamu huuita utaratibu huo tathmini ya teknolojia za afya. Neno teknolojia lisiwapeleke kwenye mashine za hospitali za rufaa peke yake, kwa maana katika fani hii chandarua ni teknolojia, dawa mseto ni teknolojia, na hata utaratibu wa kumpima malaria mjamzito siku anapoanza kliniki ni teknolojia.

Nimefanya kazi ya kukusanya takwimu za vyandarua Kanda ya Ziwa kwa miaka kadhaa. Mnafika kwenye kaya iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, mnaomba ruhusa, mnakishusha chandarua kutoka kitandani, mnakitandaza kwenye fremu nje penye mwanga, halafu mnahesabu matundu. Kipimo chetu ni mwili wa binadamu: tundu dogo lisilopitisha kidole gumba, tundu linalopitisha kidole gumba lakini si ngumi, tundu linalopitisha ngumi lakini si kichwa, na tundu linalopitisha kichwa kizima. Siku moja tulikishusha chandarua chenye umri wa miezi 14. Mama mwenye nyumba alikuwa amekishona mahali 4 kwa uzi mweusi, fundo kwa fundo, kwa uangalifu mkubwa, na bado upande wa miguuni, pale kinapochomekwa chini ya godoro na kukwaruzwa na mbao za kitanda, palikuwa na matundu 2 ya kupitisha ngumi. Watoto 3 walikuwa wanalala humo.

Baadaye nilihudhuria kikao cha wadau kilichopitia makisio ya mahitaji ya vyandarua. Katika jedwali lililowekwa mezani palikuwa na mstari mmoja mfupi: muda wa kudumu wa chandarua, miaka 3. Hakuna aliyeuliza namba hiyo imetoka wapi. Mjumbe mmoja akapendekeza ichaguliwe aina ya bei ya chini ili vyandarua viwatosheleze watu wengi, na hoja ikapita bila mjadala. Sikumlaumu, kwa kuwa nia yake ilikuwa njema. Lakini niliondoka na dukuduku ambalo halijaisha hadi leo, kwa sababu nilijua kwamba Misungwi, ndani ya kanda hiihii, swali hilohilo lilikuwa limepimwa kwa makini na jibu lilikuwa kinyume na lile tulilolipitisha.

#2 Karani wa Vyandarua

Naendelea. Misungwi ni wilaya ya mkoa wa Mwanza, na mbu wake wamekuwa sugu kwa kiuatilifu cha jamii ya pairethroidi ambacho kwa miaka mingi kilitumika karibu katika kila chandarua. Watafiti wa Chuo Kikuu kishiriki cha tiba cha KCMC cha Moshi, kituo cha Mwanza cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na wenzao wa London na Kanada waliyagawa maeneo 84 kwa bahati nasibu katika makundi 4. Kundi moja lilipewa vyandarua vya kawaida vyenye pairethroidi pekee, na mengine 3 yakapewa vyandarua vya aina mpya, kila kundi aina yake. Matokeo yalichapishwa 2022.

Baada ya miezi 24, watoto waliokutwa na vimelea vya malaria katika kundi la vyandarua vya kawaida walikuwa asilimia 45.8. Katika kundi la vyandarua vilivyochanganywa pairethroidi na klofenapiri walikuwa asilimia 25.6. Kwa kipindi chote cha miaka 2, idadi ya watoto walioumwa malaria katika kundi hilo ilipungua kwa asilimia 44 ikilinganishwa na kundi la vyandarua vya kawaida. Sababu yake inavutia. Pairethroidi hushambulia mishipa ya fahamu ya mbu, na mbu sugu amejifunza kuivunjavunja kwa vimeng'enya vyake. Klofenapiri haiui mpaka vimeng'enya vya jamii hiyohiyo viibadilishe ndani ya mwili wa mbu, na ikishabadilishwa huharibu mitambo ya seli inayozalisha nguvu. Silaha aliyojikinga nayo mbu ndiyo inayomgeukia.

Chandarua hicho kilikuwa ghali zaidi ya kile cha kawaida, tofauti isiyofika dola 2 kwa kimoja. Mtu anayeangalia ankara ya manunuzi peke yake ataona hasara. Watafiti walihesabu pia fedha ambazo zingetumika kwa vipimo, dawa mseto, kulazwa na kuongezewa damu, wakazipunguza kwenye gharama, kisha wakagawanya kilichobaki kwa afya iliyookolewa. Ikaonekana kwamba kila mwaka mmoja wa maisha yenye afya uliookolewa uliwagharimu watoa huduma wa umma takriban dola 19 za ziada. Mipaka ya mashaka waliyoiweka wenyewe ilianzia dola 1 na kuishia dola 105, na hata kwenye ukingo huo wa juu ni vigumu kupata kitu kingine katika wizara yoyote ya afya kinachonunua uhai kwa bei hiyo.

Jaribio la pili, lililofanyika Benin, lilitoa picha inayofanana sana. Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likapendekeza rasmi aina hiyo ya chandarua kwa maeneo yenye mbu sugu kwa pairethroidi.

#3 Karani wa Vyandarua

Kabla sijaruhusu maswali, naomba nieleze modeli ni nini, kwa sababu neno hili limechafuliwa na watu wanaolitumia kama uganga.

Chukueni mbu 100 waliomuuma leo mtu mwenye malaria. Vimelea huhitaji siku 10 au zaidi ndani ya mbu kabla hajaweza kumwambukiza mtu mwingine. Tuseme ni 10. Ikiwa kila siku mbu 9 katika kila 10 wanaiona kesho yake, basi baada ya siku 10 watabaki kama 35. Sasa tuseme chandarua chenye dawa kimefanya wabaki hai 7 tu katika kila 10 kwa siku. Baada ya siku 10 watabaki wangapi? Watu wengi hukisia 20 au 25. Jibu ni chini ya 3. Chukueni kikokotoo mzidishe wenyewe: 0.7 mara 0.7, mara kumi.

Hiyo ni modeli. Ronald Ross, aliyegundua 1897 kwamba mbu ndiye anayebeba vimelea vya malaria, alikuwa wa kwanza kuandika hesabu za namna hii, na George Macdonald aliziendeleza katika miaka ya 1950 akaonyesha kwamba kufupisha umri wa mbu mzima kuna nguvu kuliko kupunguza idadi yao. Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini kitambaa chenye dawa kinachotundikwa ndani ya nyumba kinamlinda hata jirani asiyekuwa nacho. Akili ya kawaida peke yake isingetufikisha hapo, kwa kuwa akili ya mwanadamu ni hodari kwenye kujumlisha na dhaifu kwenye kuzidisha kunakorudiwarudiwa.

Karibuni kwa hoja.

#4 Muuguzi wa Visiwani

Ndugu Karani, nashukuru kwa maelezo yako yenye utulivu. Mimi ni muuguzi katika zahanati ya kisiwani, ziwani hukohuko. Nina jambo linalonisumbua na nitalisema wazi. Unapotamka "dola 19 kwa mwaka mmoja wa maisha", moyo wangu unakataa. Mwezi uliopita nilimpokea mtoto wa miaka 2 akiwa anatetemeka, viganja vyeupe kama karatasi kwa upungufu wa damu, na boti ya kumpeleka kituo cha afya ilichelewa. Mama yake hakuniuliza bei. Je, kuyawekea maisha bei si njia ya kuwaandaa watu wakubali kwamba watoto wengine wanaweza kuachwa?

#5 Karani wa Vyandarua

Dada Muuguzi, pole sana kwa hilo, na pole kwa kazi. Swali lako ndilo zito kuliko yote yatakayoulizwa hapa, kwa hiyo nitalijibu taratibu.

Bei hiyo haikusudiwi kuwa thamani ya mtoto. Inasema shilingi iliyotumika mahali fulani imezaa afya kiasi gani, ili tuweze kuilinganisha na mahali pengine ambako shilingi hiyohiyo ingekwenda. Bajeti ikiwa na mpaka, na yetu inao, kila ununuzi unafuta ununuzi mwingine. Tatizo ni kwamba tunachokinunua tunakiona kwa macho, kinapigwa picha na kukatiwa utepe, wakati tulichokikosa hakionekani. Mtoto uliyempokea wewe huenda alikuwa ndiye huyo asiyeonekana: alikosa chandarua kizuri, au zahanati yake ilikosa boti, kwa sababu fedha zilienda mahali ambapo hakuna aliyepima faida yake. Watoto wanaachwa sasa hivi, bila hesabu yoyote. Tathmini inawalazimisha wanaoamua kuandika kwenye karatasi ni kipi kimeachwa na kwa nini, na karatasi hiyo inaweza kuhojiwa na mtu kama wewe.

Kuhusu kipimo chenyewe, mwaka wa maisha yenye afya hupotea kwa njia 2. Mtu akifa mapema, tunahesabu miaka ambayo angeishi. Mtu akiishi na maradhi au ulemavu, tunahesabu sehemu ya mwaka kulingana na uzito wa hali yake. Kipimo hiki kina kasoro ambayo sitaificha: hakijali ni nani anayepata. Mwaka mmoja uliookolewa mjini karibu na hospitali unahesabiwa sawasawa na mwaka mmoja uliookolewa kisiwani kwako, ingawa kuufikia wa kisiwani kunagharimu mafuta ya boti na usiku mzima. Ukiifuata hesabu bila kufikiri, itakuambia uwahudumie kwanza walio karibu, kwa kuwa ni nafuu. Kwa sababu hiyo mimi nashikilia kwamba haki lazima ijadiliwe na watu, mezani, baada ya hesabu kutolewa, na uamuzi wa kulipa zaidi kwa ajili ya visiwa uandikwe kama uamuzi halali. Kumlipia zaidi aliye mbali ni jambo ambalo nchi inaweza kulichagua kwa heshima kabisa.

#6 Mkulima wa Pamba

Mkuu, mimi nina mashaka na modeli zenyewe. 2020 tulisikia takwimu za kutisha za vifo vya korona kutoka vyuo vikubwa vya Ulaya, na mengi hayakutokea kama yalivyosemwa. Kwa nini leo niamini modeli ya malaria iliyotengenezwa kwenye kompyuta ya mtu ambaye hajawahi kuumwa na mbu wa Misungwi?

#7 Karani wa Vyandarua

Mkuu Mkulima, mashaka yako yana msingi, na mtu asiye nayo hafai kukaa kwenye kamati ya kuamua. Lakini tutenganishe mambo.

Ripoti maarufu ya Imperial College ya Machi 2020 ilitaja vifo 510,000 nchini Uingereza, na ilisema wazi kwamba hivyo ndivyo ingekuwa ikiwa hakuna mtu atakayebadilisha chochote katika mwenendo wake. Watu walibadilisha. Sentensi iliyoanza na "ikiwa" ilisomwa kana kwamba inaanza na "hakika", na kosa hilo lilifanywa na magazeti, wanasiasa na wasomaji kwa pamoja. Modeli nyingi za afya ni za namna hiyo: huweka njia 2 au 3 mbele yako na kukuonyesha kila moja inaelekea wapi. Mtu aliyekuonyesha njia yenye shimo, ukaikwepa, hakukudanganya.

Lawama yako ya pili ina uzito zaidi. Modeli iliyojengwa kwa takwimu za mahali pengine, ikaletwa kwetu bila kupimwa upya, inaweza kupotosha vibaya. Umri wa watu wetu, ukubwa wa kaya, kina cha usugu wa mbu, umbali wa zahanati, hata muda ambao watu hukaa nje jioni wakipiga soga, vyote hubadilisha jibu. Kwa sababu hiyo, kazi iliyofanywa Tanzania Bara kuzigawa halmashauri kwa viwango vya hatari ya malaria naiona ya thamani kubwa. Walichukua vipimo vya wanafunzi wa shule za msingi, vipimo vya wajawazito wanapoanza kliniki na takwimu za vituo vya kutolea huduma, wakaziweka halmashauri zote 184 katika makundi, kisha wakishirikiana na wataalamu wa modeli wa taasisi ya Uswisi ya afya ya kitropiki wakapima mchanganyiko upi wa afua unafaa kundi lipi. Kilimanjaro na Kagera haziwezi kupewa mpango mmoja. Kiwango cha malaria kwa watoto wa chini ya miaka 5 kilikuwa kama asilimia 7 kitaifa katika utafiti wa 2017 na asilimia 8 katika ule wa 2022, lakini wastani huo hauelezi maisha ya mtu yeyote, kwa kuwa kuna mikoa ambako ugonjwa karibu haupo na mingine ambako mtoto mmoja kati ya wanne au watano anao.

Na Misungwi haikuanzia kwenye kompyuta. Ilianzia kwa watoto waliotobolewa kidole. Hesabu ya gharama ilikuja juu ya damu hiyo.

#8 Mwana wa Kilifi

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Nawasoma kutoka Kenya na ningependa kuchangia mfano wa chanjo ya malaria ya RTS,S, kwa maana unajibu swali la ndugu Mkulima kuhusu kuaminika kwa modeli.

Jaribio kuu la chanjo hiyo lilifanyika kati ya 2009 na 2014 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, vikiwemo Kilifi kwetu na Bagamoyo na Korogwe kwenu, likihusisha watoto 15,459. Kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi 4, malaria ilipungua kwa asilimia 36 hivi. Swali likawa: kinga ya namna hiyo, isiyokamilika na inayofifia, inastahili kununuliwa?

Makundi 4 ya wataalamu wa modeli, yaliyofanya kazi kila moja kwa mtindo wake, yalipewa takwimu zilezile na maswali yaleyale. Kwa maeneo yenye maambukizi ya kati hadi ya juu, makisio ya katikati yalikuwa kwamba kila watoto 100,000 watakaokamilisha dozi 4 wataepushiwa vifo 484 katika miaka 15. Modeli iliyokuwa na tahadhari kuliko zote ilitoa 189, na iliyokuwa na matumaini kuliko zote ikatoa 859. Kwa bei ya kukisia ya dola 5 kwa dozi, gharama ya kuokoa mwaka mmoja wa maisha yenye afya ilikuwa dola 87 katikati, kukiwa na tofauti ya kutoka 48 hadi 244.

Mimi naipenda kazi hiyo kwa sababu tofauti zake zilichapishwa bila kusawazishwa. Msomaji anaona kwamba wataalamu hawakubaliani juu ya ukubwa wa faida, lakini wote 4 wanakubaliana kwamba faida ipo. Shirika la Afya Duniani halikukimbilia kuitoa kwa wote. Kulikuwa na maswali ya usalama, na wengine walihoji kama kinamama wangerudi kwa dozi ya nne wakati mtoto ameshatimiza miaka 2. Hayo hayawezi kujibiwa na kompyuta. Kwa hiyo mpango wa majaribio ukaanzishwa 2019 nchini Malawi, Ghana na Kenya, kwetu ukizinduliwa Homa Bay mwezi Septemba. Pendekezo la kuitumia kwa upana lilitoka Oktoba 2021, na tathmini ya mpango huo baadaye ilionyesha vifo vya watoto waliostahili chanjo, ukiondoa vya ajali, vikishuka kwa asilimia 13. Modeli ilifungua mlango, lakini watoto wa Homa Bay na wenzao ndio waliothibitisha kilichokuwa ndani.

#9 Mchumi wa Bandarini

Nawapongeza nyote. Naomba kuuliza jambo ambalo naona linakwepwa. Mmetaja dola 19, dola 87, dola 244. Ni nani aliyeamua kwamba kiasi fulani ni kidogo na kingine ni kikubwa? Uingereza, kupitia taasisi yao ya tathmini iitwayo NICE, iliyoanzishwa 1999, kwa miaka mingi walitumia kizingiti, yaani kikomo cha bei, cha pauni 20,000 hadi 30,000 kwa kila mwaka wa maisha yenye afya. Sisi tunatumia kipi?

#10 Karani wa Vyandarua

Mkuu Mchumi, umeweka kidole penye kidonda.

Kwa muda mrefu nchi maskini zilifuata kanuni nyepesi iliyotokana na tume ya uchumi na afya ya 2001: kitu kikigharimu chini ya pato la mwaka la mtu mmoja kwa kila mwaka wa maisha yenye afya, basi ni nafuu sana, na kikifika hadi mara 3 ya pato hilo, bado kinastahili. Kanuni hiyo ilikuwa rahisi kutumia na kwa maoni yangu ilileta madhara. Pato la mtu mmoja si bajeti ya afya. Nchi inaweza kuwa na pato la dola 1,000 kwa mtu na ikatumia kwenye afya sehemu ndogo tu ya fedha hizo. Ukikipitisha kila kitu kinachogharimu chini ya dola 1,000, utapitisha vitu vingi kuliko mfuko unavyoweza kulipia, na fedha zitatoka kwenye zile huduma za zahanati ambazo zilikuwa zinaokoa mwaka wa maisha kwa dola 50 au 100. Kitu kilichoitwa nafuu kitakuwa kimeondoa afya nyingi kuliko kilivyoongeza. Hata wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wenyewe walikuja kuonya kwamba kanuni hiyo isitumike peke yake.

Kizingiti cha haki ni kile kinachotokana na mfuko wako mwenyewe: je, shilingi ya mwisho tunayotumia sasa katika huduma zetu inazaa afya kiasi gani? Kitu kipya lazima kiishinde hiyo. Kukitafuta kizingiti hicho ni kazi ngumu, inahitaji kumbukumbu nzuri za matumizi na matokeo, lakini kukiazima kutoka London ni sawa na kushona suruali kwa vipimo vya mtu mwingine.

Thailand wanafaa kutazamwa. Walianzisha taasisi yao ya tathmini 2007, na walipoipima chanjo ya HPV, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, kwa bei iliyokuwepo mwanzoni waliona haistahili. Hawakusema chanjo ni mbaya. Walisema bei ni mbaya. Bei ikashuka, na 2017 chanjo ikaingia kwenye ratiba ya nchi nzima. Tathmini iliyofanywa vizuri inampa mnunuzi sauti, na sisi wanunuzi wadogo tunaihitaji sauti hiyo kuliko mtu mwingine yeyote, hasa sasa ambapo Tanzania ina sheria ya bima ya afya kwa wote ya 2023 na Kenya wana yao ya mwaka huohuo. Kitita cha mafao hakitaandikwa vizuri kwa kubahatisha.

#11 Mkulima wa Pamba

Nimekuelewa zaidi, mkuu. Basi rudi kwenye kikao chako cha mwanzo. Kama ungepewa nafasi ya kusema, ungeuliza nini?

#12 Karani wa Vyandarua

Ningeuliza kuhusu ule mstari wa miaka 3.

Nitatumia mfano wa kufikirika ili hesabu iwe nyepesi. Tuseme tuna dola 300,000. Chandarua cha kawaida ni dola 2 na cha aina mpya ni dola 3. Tunapata 150,000 vya kwanza au 100,000 vya pili. Mjumbe aliyetaka vya bei ya chini alikuwa anaona kaya ambazo zingekosa, na hofu yake ni ya kweli. Kinachoamua ni mambo matatu yasiyoonekana kwenye ankara, yaani dawa inaua mbu wetu kwa kiasi gani, kitambaa kinadumu kwa muda gani, na watu wanaendelea kukitumia kwa muda gani. Kama mbu wetu ni sugu, vyandarua 150,000 vya kawaida vinaweza kuwa vitambaa vya kuzuia kelele za mbu tu, na kikitoboka mbu anaingia na kutoka akiwa mzima. Kama mbu si sugu, jibu linageuka na yule mjumbe anakuwa sahihi. Hilo ndilo la kupima kabla ya kupitisha hoja, na hupimwa kwa kuwakamata mbu wa hapohapo.

Na muda wa kudumu hubadilisha yote. Matokeo makuu ya Misungwi ni ya miaka 2, na hata ndani ya miaka hiyo matumizi yalishuka kadiri vyandarua vilivyochakaa. Mpango unaogawa kila baada ya miaka 3 kwa chandarua kinachokwisha katika miaka 2 unawaacha watoto mwaka mzima bila kinga, halafu unaripoti kwamba kaya zimefikiwa. Tanzania Bara ilianza kugawa vyandarua kupitia wanafunzi 2013 katika mikoa ya kusini, na mimi naunga mkono njia hiyo kwa sababu inaongeza vipya kila mwaka badala ya kusubiri kampeni kubwa. Lakini hata yenyewe inahitaji namba sahihi ya uchakavu. Yeyote atakayeweka jedwali mezani aonyeshe jibu linakuwaje miaka 3 ikibadilishwa kuwa 2, na kuwa mwaka mmoja na nusu. Ni kazi ya dakika chache kwenye kompyuta. Asipoweza kuifanya mbele ya wajumbe, modeli hiyo isitumike kuamua.

#13 Muuguzi wa Visiwani

Ndugu Karani, nimesoma majibu yako mara mbili. Sijakubali yote, hasa lile la kuwahesabu wa mbali na wa karibu sawasawa, na nimefurahi kwamba nawe hukulitetea. Nina swali la kazi. Kwenye zahanati yetu tunaandika kila kipimo cha haraka cha malaria katika daftari. Kuna namna ambayo daftari letu linaweza kusaidia hesabu hizi, au ni kazi ya watafiti peke yao?

#14 Karani wa Vyandarua

Linasaidia sana, dada. Kwa mtoto anayekuja na homa, andika kama kipimo kimeonyesha malaria au la, usiruke wale wasiokuwa nayo, kwa maana bila wao hatuwezi kujua uwiano. Ukipata nafasi, muulize mama maswali mawili tu: mtoto alilala ndani ya chandarua usiku wa jana, na chandarua hicho kilipatikana lini. Mwaka na mwezi vinatosha, na kama hakumbuki, muulize kilitoka shuleni, kliniki au dukani, kwa kuwa hilo hukumbukwa. Andika kwenye safu ya maoni, kwa kalamu ileile, bila kuongeza daftari jingine, maana najua mnayo mengi. Baada ya misimu 2 ya mvua utakuwa na kitu ambacho hakikuwepo kwenye kile kikao: ushahidi wa kisiwani kwako kuhusu ni mwezi wa ngapi chandarua huacha kulinda.

Ukifikisha kurasa 20, nijulishe hapahapa kwenye uzi nami nitakuonyesha jinsi ya kujumlisha.